Konokono Wanne Wasiotaga

Mshike konokono kwa vidole viwili, ncha ya gamba lake ikiwa juu na mdomo wake ukikutazama wewe. Mdomo ukiangukia upande wa mkono wako wa kushoto, mweke kwenye kopo la kwanza. Ukiangukia kulia, kopo la pili. Yule bapa, aliyejikunja kama kamba iliyolazwa mezani, hana haja ya kipimo hicho, yeye ana kopo lake la tatu. Naanzia hapa kwa sababu hata mimi nilianzishiwa hapa, na siku hiyo hiyo nikakosea.

Ninyi mlioandikishwa mwaka huu kuokota konokono wa ziwa letu la Nakivale mmeniomba niwaeleze nilivyoifanya kazi hii. Mimi ni Mama Riziki. Nilitoka Kivu ya Kusini, upande wa Fizi, nikapita Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, kama wazazi wenu walivyopita, nikapewa kiwanja, nikalima maharage. Kazi ya konokono nimeifanya karibu miaka ishirini, na nimeiacha mwaka jana kwa sababu ya magoti. Macho bado yanaona.

Nilipataje kazi? Maabara moja ya Mbarara ilipewa chumba kidogo jirani na kituo cha afya hapa kambini. Chumba kilikuwa na meza mbili, dirisha moja na tangi tatu za kioo. Walitafuta mtu wa kuosha chupa ambaye pia haogopi matope. Watu wengi waliogopa, si matope, bali konokono. Mimi nilikulia kando ya Tanganyika, magamba yalikuwa ndiyo sahani zetu za kuchezea. Nilifikiri nawajua. Ukweli ni kwamba nilijua nyumba zao tu. Mwenye nyumba sikuwa nimemtazama hata siku moja.

Aliyenifundisha kumtazama ni Mzee Tumwine. Alikuwa mtu wa Mbarara, mrefu, mpole, fundi wa maabara tangu ujana wake. Alikuja kwetu kila baada ya wiki mbili na kuondoka siku ile ile. Kiswahili chake alikiokota kwa majirani zake askari, kwa hiyo alisema "hapana" mahali ambapo sisi tungesema "si" au "usi", na tulielewana bila shida. Siku ya kwanza alikuta nimewachanganya wa kulia na wa kushoto katika kopo moja. Akachukua mmoja, akamgeuza mbele ya macho yangu.

"Nyabo, wewe nashika yeye kichwa chini," akasema, na nyabo kwao ni mama. "Ukishika chini juu, kushoto nakuwa kulia."

Halafu akanieleza kwa nini upande una maana. Yule mrefu wa mdomo wa kushoto na yule bapa wanaweza kubeba vijidudu vya kichocho, kila mmoja na kichocho cha aina yake. Wa mdomo wa kulia hubeba mdudu wa ini la ng'ombe. Ukiwachanganya, utamwendea mfugaji na habari za mtoto, na utamwendea mama na habari za ng'ombe. Nimewahi kukaribia kufanya hivyo, mfugaji mmoja wa Ngarama bado ananitania.

Konokono mkubwa wa rangi ya matope, mwenye kifuniko kigumu mdomoni, mrudisheni ziwani. Huyo ana pafu na ana yavuyavu la kupumulia majini kama samaki, vyote viwili, na kiangazi kikija hujifukia kwenye tope, akafunga mlango na kungoja mvua miezi mingi. Wakati wangu wa kwanza nilimtupa mmoja kwenye rafu nikidhani ni mfu. Siku nilipomwagia maji kwa bahati mbaya, alifungua mlango na kuanza kutembea juu ya karatasi za Mzee.

Kumfungua konokono ni kazi ya utulivu. Unambana kati ya vipande viwili vya kioo kinene, unasukuma kidogo kidogo hadi gamba lipasuke lakini mwili usipondeke, kisha unaondoa vipande vya gamba kwa kibano. Unachokikuta ni mnyama asiye na mfupa hata mmoja. Mbele kuna mguu, ambao ndio ile nyama yenye ute inayotembea. Juu yake kuna joho, ngozi nyembamba iliyomfunika kama kanga, na ni joho hilo linalojenga gamba, likiongeza ukingo mpya kadiri anavyokua. Ndiyo maana mistari ya gamba husomeka: mstari uliobanana ni kipindi cha njaa. Mdomoni kuna ulimi wenye meno madogo mengi sana, kama tupa ya fundi, anaukwaruzia majani na utelezi wa kijani wa mawe. Na kule nyuma kabisa, ndani ya ncha ambako gamba limejikunja mara ya mwisho, kuna ini lake, na limeshikana na kiungo cha uzazi. Kumbukeni hiyo ncha. Kazi yote iko huko.

Mara ya kwanza nilipombana yule bapa niliona damu kwenye kioo. Nikajua nimejikata. Niliangalia kidole kimoja kimoja, mkono wa kulia kisha wa kushoto, Mzee amekaa ananitazama. Nilipomaliza vyote kumi ndipo akaniambia kwamba damu ni ya konokono. Bapa ana damu nyekundu kama yetu. Yule wa mdomo wa kulia, damu yake imepauka, inaelekea bluu. Sikujua mnyama mdogo namna ile ana damu ya kutosha kumtisha mtu.

Jambo jingine mtakaloulizwa na watu ni uzazi. Hawa wa makopo yetu matatu, kila mmoja ni dume na ni jike. Ukimweka mmoja peke yake kwenye tangi, anaweza kukujazia tangi. Nilipowaeleza akina mama wenzangu wa kwaya, mmoja aliuliza sasa wakikutana wawili wanaamuaje nani abebe mimba. Nikasema wote wanabeba. Mwingine akasema basi angalau huko kuna haki. Mchungaji alitaka kujua tunacheka nini, nasi tukaanza wimbo.

Mayai hutagwa ndani ya ute mgumu kidogo, unaong'aa, umegandamana chini ya jani au kwenye kioo. Unaweza kuyahesabu kwa jicho. Konokono mzima anayelishwa vizuri hutaga mara kwa mara, na asipotaga kuna sababu. Sentensi hiyo niliijua kwa kichwa mapema kabisa, Mzee aliniandikia. Kuijua kwa kichwa hakukunisaidia, na sasa nawaeleza ilivyokuwa.

Upande wetu wa ziwa kulikuwa na mialo miwili, yaani sehemu mbili za kufikia maji. Mwalo wa mbali ulikuwa wazi, mchanga na mawe, na akina mama walitembea sana kuufikia. Mwalo wa karibu ulikuwa umezungukwa na mafunjo na majani mengi ya majini. Maji yake yalitulia. Watu walikatazwa kuutumia hadi maabara ipime konokono wake. Kiangazi kile bomba la maji liliharibika, na safari ya mwalo wa mbali ikawa mara tatu kwa siku.

Mwanamke aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake aliitwa Konsolata. Alikuwa Mrundi, Mkatoliki, mwenye sauti ndogo, aliyeuza ndizi sokoni na kuwalea watoto wanne. Wa kwanza alikuwa binti, Anjela, wa miaka kumi na mmoja, ambaye ndiye aliyechota maji na kufua. Konsolata alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni, akaniuliza kwa heshima kama naweza kuupima ule mwalo ili wajue. Hakumngoja Mzee Tumwine, hakwenda kituo cha afya. Alikuja kwangu. Lazima niseme kwamba jambo hilo lilinipendeza. Nilikuwa mama wa kuosha chupa, na sasa watu wananiuliza.

Nilienda mwaloni na viatu vyangu vya mpira, glovu ndefu, na chujio la jikoni nililolifunga kwenye mti. Nilichota chini ya majani, ambako bapa hukaa. Nilipata ishirini na kitu. Niliwafunga ndani ya kitambaa chenye unyevu, jinsi inavyotakiwa, maana ukiwabeba ndani ya maji njiani wanakosa hewa na kuchafua maji yao wenyewe. Hadi hapo sikukosea.

Kipimo ni hiki. Vijidudu vya kichocho hukaa ndani ya konokono, vikazaana humo, na vikikomaa hutoka majini kumtafuta mtu. Vya yule bapa hutoka mchana, mwanga ukiwa mkali. Kwa hiyo konokono hukaa kwanza ndani ya sanduku la giza hadi asubuhi, ndipo unamweka kila mmoja kwenye kichupa chake cha maji safi, kwenye jua, saa kadhaa. Kisha unaangalia maji. Ukiona vitu vidogo vinaogelea, mkia umegawanyika mwishoni kama uma, basi huyo anavyo. Usipoona kitu, bado hujamaliza. Unarudia siku nyingine, na unarudia tena baada ya wiki kadhaa, kwa sababu aliyeambukizwa juzi bado hajaanza kutoa. Mwisho unawapasua wachache na kuangalia ini.

Mimi nilifika chumbani saa kumi. Mvua, ngeni kwa kiangazi, ilikuwa imetoka kunyesha, mbingu nzito. Kesho yake asubuhi Mzee alikuwa anakuja, na nilitaka akute majibu yako tayari. Sikuwaweka gizani. Niliwatia kwenye vichupa, nikavipanga dirishani, nikangoja saa moja na nusu, nikaangalia. Maji yalikuwa matupu. Nikachukua daftari nikaandika jina la mwalo, idadi ya konokono, na neno moja: safi. Nafasi ya saa niliiacha wazi.

Mzee alipokuja alisoma, akauliza kama nimefuata utaratibu. Nikasema ndiyo. Alikuwa na haraka, na aliniamini. Jioni ile ile nilimwambia Konsolata kwamba mwalo wa karibu hauna shida. Alinishika mikono yote miwili.

Konokono wale sikuwatupa. Niliwaweka kwenye tangi la pili ili nipate kizazi. Walikula majani niliyowakaushia, na wengine wakataga vizuri. Wachache walikufa. Wanne walikua kuliko wote. Walinenepa, gamba likatanuka, nikawa nawaonyesha wageni. Nilimwambia hata Mzee kwamba maji ya tangi la pili yanawakubali sana. Hao wanne hawakutaga hata yai moja. Niliona, na nikasema pengine wanaweka nguvu kwenye mwili kwanza.

Miezi mitatu baadaye, msichana wa maabara ya kituo cha afya aliniita niangalie kitu kwenye hadubini yake. Alikuwa mgeni kazini, alitaka mtu wa pili athibitishe. Niliinama. Katikati ya uchafu niliona yai refu, manjano, na ubavuni lilikuwa na mwiba. Yai la kichocho cha tumbo halifanani na kitu kingine. Nikamwambia ndiyo, ndilo. Nikauliza choo ni cha nani. Akageuza karatasi, akasoma jina la Anjela.

Binti alikuwa nje kwenye benchi na mama yake. Alikuwa amekonda, ameshika tumbo, na Konsolata alikuwa amevua kitenge chake cha juu akamfunika miguu. Aliponiona alisimama. Aliniambia kwamba kuna damu, wiki ya tatu sasa, na shule ameacha. Halafu akaniuliza bila kupandisha sauti.

"Mama Riziki, si wewe ulituambia kama ile maji ni mazuri?"

Nilisema, "Ndiyo. Ni mimi." Nikaenda chumbani kwangu.

Niliwatoa wale wanne kwenye tangi. Nilimbana wa kwanza taratibu, nikaondoa gamba, nikamlaza kwenye kisahani. Mguu ulikuwa mzima, joho zima, damu nyekundu. Nilipofika kwenye ncha, ini halikuwa na ule ukahawia wake. Lilikuwa limejaa nyuzi na mifuko ya manjano, imebanana, na pale penye kiungo cha uzazi hapakuwa na kiungo. Kilikuwa kimeliwa. Ndani ya mifuko ile, vijidudu vyenye mkia wa uma vilikuwa vinajinyonganyonga tayari kutoka. Wa pili alikuwa hivyo hivyo. Wa tatu na wa nne pia.

Sikilizeni sababu, maana hamtaipata kwa kukisia. Kijidudu kikimwingia konokono kinamhasi. Chakula ambacho angekitumia kutaga hakina tena kazi hiyo, kwa hiyo mwili hunenepa kwa muda. Konokono mgonjwa anaweza kuonekana ndiye mwenye afya kuliko wenzake. Mimi niliwaonyesha wageni wagonjwa wanne kwa fahari.

Ningeweza kunyamaza. Hilo niliwaza, na nadhani mnapaswa kujua kwamba niliwaza. Konokono wa mwalo wanaweza kuambukizwa wakati wowote, mtu mmoja tu akijisaidia karibu na maji. Ningeweza kusema kwamba nilipopima walikuwa wazima na baadaye ndipo wakaharibika. Hakuna ambaye angenipinga. Lakini hawa wanne walitoka ziwani siku ile niliyoandika safi, na tangu siku hiyo walikaa ndani ya tangi langu. Waliingia wakiwa wagonjwa. Niliwalaza wote wanne kwenye visahani, nikavifunika, nikampigia simu Mzee Tumwine.

Alikuja kesho yake, ingawa haikuwa siku yake. Aliangalia visahani vyote vinne kimoja baada ya kingine. Akaniuliza niliwaweka kwenye mwanga saa ngapi. Nikamwambia saa kumi, mawingu, saa moja na nusu, bila giza kwanza. Akaniuliza tena kama nilirudia. Nikasema sikurudia. Alikaa chini. Sikuwahi kumwona amekasirika, na siku ile pia hakukasirika, ila alizeeka kidogo.

"Mimi pia nilisoma hii daftari," akasema. "Niliona mahali ya saa iko wazi. Mimi hapana uliza."

Nikamwomba tung'oe ukurasa tuandike upya. Akakataa. Alisema ukurasa unabaki, napiga mstari mmoja juu ya neno ili lisomeke bado, naandika pembeni jibu la kweli na sababu, na ninatia sahihi. Nilifanya hivyo mbele yake. Naye akatia sahihi chini ya yangu. Halafu akasema twende kwa akina mama.

Nilidhani atasema yeye. Njiani aliniambia hapana.

"Wewe nasema mwenyewe. Mimi nasimama pembeni yako."

Walikusanyika pale pale mwaloni, madumu yao yakiwa yamejaa. Konsolata alikuwepo, bila Anjela. Niliwaambia kwamba mwalo huu una kichocho. Niliwaambia kwamba ulikuwa nacho tangu siku niliyowaambia hauna. Nikaeleza nilichopaswa kufanya na nilichofanya badala yake, hatua kwa hatua, na kwamba nilitaka majibu yawahi kuliko nilivyotaka yawe ya kweli. Mwanamke mmoja mzee akauliza kama basi miezi yote hii wamefua ndani ya ugonjwa. Nikasema ndiyo. Kijidudu kinaingia kwa ngozi, huhitaji kunywa. Mmoja wao alimwaga maji yake, kisha wengine wakamwaga. Nilifikiri watanitukana. Walifunga vifuniko vya madumu, wakaanza safari ya mwalo wa mbali. Konsolata aliondoka wa mwisho na hakunitazama.

Kituo cha afya kilitoa dawa kwa kila aliyeutumia ule mwalo, watu wazima na watoto. Wagonjwa waliopatikana walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Wengi walipona kwa dawa ya mara moja. Anjela ilimbidi arudie, na akapelekwa Mbarara kuangaliwa ini na bandama. Alipona. Lakini alikosa muhula mzima, na mwaka uliofuata alirudia darasa pamoja na watoto wadogo kwake. Nilikuwa namwona akienda shule, mrefu katikati ya wafupi. Hicho hakina dawa, na sijawahi kujaribu kujifariji kwa kusema kwamba angalau hakufa.

Niliendelea na kazi. Niliomba kuacha, Mzee akasema niache baada ya kumpata mtu mwingine ambaye hatafanya kosa lile, na mtu huyo hakupatikana haraka.

Konsolata hakusema nami msimu mzima wa mvua. Tukikutana njiani alisalimu kwa kichwa. Halafu asubuhi moja nilikuwa napanga vichupa kwenye jua, nikamwona mlangoni, pale pale aliposimama mara ya kwanza. Alisema anataka kuona. Sikuuliza nini. Nilichagua kichupa ambacho maji yake yalikuwa na mawimbi madogo, nikaweka tone kwenye kioo, nikamwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja.

Aliangalia muda mrefu.

"Ndiyo hivi viliingia kwa mwanangu?"

"Ndiyo. Vinapoingia vinaacha mkia nje."

Akainua kichwa, akamtazama konokono aliyekuwa ukutani mwa kichupa, anapanda polepole kuja kuvuta pumzi juu ya maji.

"Na huyu naye anaumia?"

Nikamwambia sijui kama anaumia, ila najua kwamba hatazaa tena, na hatadumu. Alikaa kwenye kiti changu. Akasema hakujua kwamba hata huyu mnyama naye amepatwa. Miezi yote alikuwa akimchukia konokono. Mimi nilitegemea aniambie kwamba amekuwa akinichukia mimi, na pengine ndicho alichokuwa akiniambia. Kabla hajaondoka aliuliza kazi hii inahitaji watu wangapi.

Alifanya kazi nami miaka saba, hadi alipohamia kwa ndugu zake. Hajawahi kusoma shule zaidi ya darasa la nne, na sijaona mtu aliyejaza daftari vizuri kuliko yeye. Aliandika saa ya kuokota, saa ya giza, saa ya mwanga, na hali ya mbingu. Nikimwambia mambo mawili tu ya hayo yanatosha, aliniuliza yanamtosha nani. Yeye ndiye aliyegundua kwamba tukikata majani ya mwaloni kila mwezi na kuacha jua liingie, bapa wanapungua sana, kwa kuwa hawana pa kutagia. Mzee Tumwine aliichukua hiyo akaipeleka Mbarara, na alitaja kwamba ni ya Konsolata.

Mzee amestaafu, yuko kwake, anafuga. Namtembelea nikipata safari ya mjini. Siku hizi maabara ya Mbarara ina mashine inayopima maji yenyewe na kusema kama kijidudu kimepita humo, bila kumpasua mnyama yeyote. Ninyi mtafundishwa hiyo. Ni njia nzuri, na mimi si mtu wa kung'ang'ania vioo viwili na kibano. Ila mashine nayo hupewa maji na mtu, na mtu huyo aliyachota saa fulani, mahali fulani, au hakuchota kabisa akaandika kwamba amechota. Mimi sina la kuwaongezea juu ya mashine.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwangu, nachambua maharage. Anjela alipita. Sasa ni mama wa watoto wawili, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, alibaki mama yake alipohama. Alikuwa na dumu mkononi na mtoto mgongoni. Aliniamkia, nikamwitikia, akaniuliza habari za magoti. Kisha akatazama upande wa ziwa, kule mwalo wa karibu, ambako wengine walikuwa wameanza tena kushuka, ingawa bomba lilikwisha kutengenezwa.

"Mama Riziki, maji ya kule leo iko namna gani?"

Nilitazama mbingu, ilikuwa safi kabisa. Nilijua majani yalikatwa juzi. Miaka ishirini yote ilinipa jibu mdomoni, na jibu hilo lilikuwa karibu hakika.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Sijayapima."

Akatingisha kichwa kukubali, akamweka mtoto sawa mgongoni, akapanda njia ya bombani.